LEBA NA WALIOBAKI MAJUMBANI

Husemwa mara nyingi, na wasemao ni wasomi wakubwa wa Ulaya, kwamba wanyonge wa nchi za Magharibi wamegeuka. Kwamba wamevihama vyama vilivyoasisiwa na babu zao na sasa wanawafuata wachochezi. Sisi hatukubaliani na neno hilo. Twaona limeanza mwisho wa kisa na kukiacha chanzo chake. Mpiga kura hakuhama kwanza. Kwanza alikaa nyumbani, na wakubwa wa chama chake wakamwona amekaa wakadhani ameridhika.

Natutazame Uingereza, nchi ambayo sisi wa visiwani tumeijua zaidi kuliko tulivyopenda kuijua. Chama cha Leba kilizaliwa mwaka 1900 kwa juhudi za vyama vya wafanya kazi, ili mchimba makaa na hamali wa gatini nao wawe na mtu wao Bungeni. Mwaka 1945 kilipewa viti 393, na Serikali ya Clement Attlee haikupoteza wakati. Machimbo ya makaa yakawa mali ya taifa, na tarehe 5 Julai 1948 ikaanzishwa huduma ya matibabu ambayo tajiri na maskini huingia kwa mlango mmoja. Serikali hiyo hiyo iliendelea kututawala sisi, lakini hilo ni shauri jingine. Kwa watu wake iliifanya kazi iliyotumwa.

Mwaka 1997 Tony Blair alishinda kwa viti 418 na kura milioni 13 na nusu. Miaka miwili kabla ya hapo alikwisha kukibadili kile kifungu cha katiba ya chama kilichotaka njia za uchumi ziwe mali ya umma. Si haki kusema kwamba hakufanya lolote. Sheria ya kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima ilipitishwa mwaka 1998. Lakini ulipofika uchaguzi wa 2001, ni watu 59 tu katika kila 100 waliokwenda kupiga kura, kiasi kidogo kuliko vyote tangu 1918. Leba ilipungukiwa na kura karibu milioni 3. Je, zilikwenda kwa Wahafidhina? La hasha, hao nao walipoteza zaidi ya milioni moja. Katika jimbo la Liverpool Riverside, ngome ya Leba, waliojitokeza hawakufika 35 katika kila 100.

Chama kilishinda kwa viti vingi vile vile, basi hakuna aliyeshtuka. Wakubwa walikuwa wamepiga hesabu yao: mfanya kazi wa kaskazini hana pa kwenda, kwa hiyo maneno matamu wapewe wale wa katikati wanaoweza kuhama. Hiyo ni hesabu ya muuza duka ampunjaye mteja wake wa siku zote ili ampe mgeni nyongeza. Kumbe mteja anapo pa kwenda, napo ni kwake. Wanachama wetu waijuao kazi ya matawi watatufahamu: tawi lisilo na ugomvi huenda halina raha, bali halina watu.

Ilani ya 2001 iliahidi kwamba karo ya nyongeza haitaanzishwa katika vyuo vikuu. Januari 2004 Serikali ile ile iliupitisha mswada wa karo hiyo kwa kura 316 dhidi ya 311. Februari 2003 mamia ya maelfu waliandamana London kuipinga vita ya Iraq, na mwezi uliofuata vita ikaanza. Kufika mwaka 2010, kura milioni 13 na nusu zilikuwa zimebaki milioni 8 na laki 6.

Wako watakaotujibu kwamba dunia imebadilika, viwanda vimefungwa, na wafanya kazi wa zamani hawapo tena. Hoja hii ina ukweli wake, ila haifiki mbali. Huko Shirebrook, katika jimbo la Bolsover, mahali palipokuwa na mgodi wa makaa pamejengwa ghala kubwa la biashara. Abebaye mizigo ghalani ni mfanya kazi kama alivyokuwa mchimba makaa, isipokuwa huyu hana umoja wenye nguvu wa kumsemea. Bolsover ilimpeleka Bungeni Dennis Skinner, aliyepata kuwa mchimba makaa, tangu 1970. Mwaka 2019 ikamwangusha, na usiku huo huo likaanguka jimbo la Sedgefield, alilolishika Blair mwenyewe. Na tusisahau mwaka 2017: Jeremy Corbyn alipoahidi kuondoa karo na kurudisha reli kwa umma, kura zilipanda hadi karibu milioni 13. Zilishuka tena 2019, baada ya majimbo mengi ya Leba kuamua kutoka Umoja wa Ulaya na chama kuwajibu kwamba wataulizwa mara ya pili.

Ufaransa ni hivyo hivyo. Lionel Jospin, mgombea wa Wasoshalisti mwaka 2002, alisema mwenyewe kuwa mpango wake si wa kisoshalisti. Akawa wa tatu, nyuma ya Jean-Marie Le Pen kwa kura zisizofika 200,000, na zaidi ya robo ya waliojiandikisha hawakutoka majumbani. François Hollande mwaka 2012 aliwataja wenye fedha kuwa ndio adui yake. Mwaka 2016 akaleta sheria ya kurahisisha kumwachisha mtu kazi. Mwaka 2017 chama kiliuza jumba la makao yake makuu mjini Paris, na mwaka 2022 mgombea wake, Anne Hidalgo, hakupata hata kura 2 katika kila 100.

Leba ilirudi madarakani Julai 2024 kwa viti 411, na wengi wakashangilia. Kura zake zilikuwa milioni 9 na laki 7, pungufu kuliko zile za 2019 iliposhindwa vibaya. Mwezi ule ule ikatangaza kuwaondolea wazee wapatao milioni 10 fedha za kupashia nyumba moto wakati wa baridi. Uamuzi huo iliurudisha nyuma kwa wengi wao Juni 2025, lakini tarehe 1 Mei palikuwa pamekwisha kufanywa uchaguzi mdogo huko Runcorn and Helsby. Jimbo hilo Leba ililishinda mwaka uliotangulia kwa kura zaidi ya 14,000. Safari hii Reform UK ililichukua kwa kura 6, watu wasiojaza hata baraza moja. Na zaidi ya nusu ya wenye haki ya kupiga kura siku hiyo walibaki majumbani.