RANGI JUU YA KUTU SI KAZI

Ndugu wafanyakazi,

Sisi tutokao Sigalagala twaijua mvua ya Kakamega: maji na hewa hukitia chuma kutu. Lakini kwenye reli twaamriwa, "Pakeni rangi upesi, mkaguzi yu njiani!" Kutu iliyofunikwa huvimba, hubandua rangi, kisha twalaumiwa sisi.

Twasema hapana! Mkaguzi aje kabla ya rangi, aone chuma kimekwanguliwa kutu, kimefutwa mafuta, kimekauka, na joto lake lapita lile lifanyalo umande kwa nyuzi 3 au zaidi. Aje tena kupima unene wa kila rangi. Ajaye mwisho huona mng'aro tu.

Daraja likiliwa na kutu, tutakaoanguka nalo ni sisi. Twataka brashi za waya na muda wa kutosha. Umoja ni nguvu!