Kifundo cha Kapombe na mguu wa jirani yako

Wiki hii naomba tuongee habari za miguu.

Kuna msiba usio na maiti wala matanga, lakini watu hununa kama wamefiwa. Ni pale redio inapotangaza kwamba mchezaji tegemeo ameumia, msimu kwake ndiyo basi. Mnazi anaacha chai ipoe. Ukimsalimia anakujibu kwa nyusi.

Mfano ni Novemba 2018. Shomari Kapombe, beki wa kulia wa Simba, aliumia kifundo cha mguu akiwa na Taifa Stars kambini Afrika Kusini, kabla ya mechi na Lesotho. Huyu kwetu si wa Simba tu. Ni mtoto wa Morogoro, alipita Polisi Morogoro kabla Msimbazi hawajamchukua mwaka 2011, na baadaye akafika hadi Cannes ya Ufaransa. Hata wana Yanga wa bonde hili humwita "wetu", ila kwa sauti ya chini wasisikiwe.

Akiumia mtu kama huyo, kijiweni kila mtu anakuwa daktari. Huyu anasema wiki sita, yule anasema miezi sita, wa tatu anasema mguu umetupiwa kitu. Halafu wanahamia kwa mrithi wake. Simba walimleta Zana Coulibaly, raia wa Burkina Faso, naye masikini akawa anachezea kivuli cha mwenzake. Krosi ikipita upande wake tu, kibanda umiza kizima kinalia: "Angekuwepo Kapombe!" Kumbe msimu huohuo Simba ilifika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika na kutwaa ubingwa wa ligi. Nayo Stars, Machi 2019, iliifunga Uganda 3-0 na kufuzu AFCON, mara ya kwanza tangu 1980. Kapombe hakuwepo uwanjani.

Msidhani ni ushamba wetu. Mwaka 2002, Kombe la Dunia likiwa mlangoni, Beckham alivunjika kimfupa cha unyayo. Gazeti la The Sun la Uingereza likachapa picha ya mguu wake, likawaomba wasomaji waweke mikono juu yake wamwombee. Wazungu hao! Na kweli akapona, akaenda Japan, akaifunga Argentina kwa penalti.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Fundi baiskeli mmoja, mzee wa heshima zake, alitusikiliza tukibishana habari hizi, akaweka spana chini. "Wanangu, huyo ana daktari wa timu, ana mshahara. Huyu winga wenu aliyevunjika juzi kwenye ndondo, ana nani?"

Kijiwe kikawa kimya, maana winga tunamjua. Siku ile tulimpakia kwenye baiskeli, tukamwambia "pole, mzee baba", na Jumatatu tukaanza kutafuta winga mwingine. Yeye kafungwa hogo mpaka gotini. Na kijana wa bonde la Kilombero akivunjika mguu masika, anapoteza misimu miwili: wa mpira na wa mpunga. Magugu hayajui kama mwenye shamba amefungwa plasta. Wenzake watakapovuna Mei na Juni, yeye atakuwa anakopa debe.

Mimi nasema hivi. Kila timu ya mtaa iwe na kisanduku chake. Siku ya mechi kila shabiki atoe kidogo, hata bei ya andazi, na pesa hiyo isiguswe kwa jezi wala soda. Iwe ya nauli, eksirei na dawa. Pili, wachezaji kumi na mmoja na wa akiba wao wakiingia na majembe kwenye shamba la mwenzao asubuhi moja, hadi adhuhuri kazi kubwa imekwisha. Hiyo haihitaji mfadhili.

Tatu, tuache kukimbilia kukanda. Kifundo kikivimba, kwanza ni barafu au maji baridi, kuuinua mguu na kumwahisha hospitali. Ukikanda mfupa uliopasuka kwa maji ya moto unamwongezea mwenzio adhabu. Na akitoka kwenye hogo, msimbembeleze kuingia uwanjani eti kwa sababu kuna fainali Jumapili.

Kapombe alipona, akarudi kucheza. Tulimsubiri miezi yote ile bila kumsahau, na hatujui hata mlango wa kwao. Huyu winga wetu tunapita mbele ya mlango wake kila siku.

Kwa leo naishia hapo. Ukipita kwake jioni, usiende mikono mitupu. Tukijaaliwa, wiki ijayo.