Hiyo ni goto iliyovaa kanzu

Sikizeni, leo nawasema nyote mnaojiita madevelopa hapa mjini. Mkiulizwa programu yenye muundo ni ipi, nusu yenu mwajibu "ile iliyogawanywa vipande", na nusu nyengine "ile isiyo na goto". Majibu yote mawili yatakupa alama kwa mtihani. Lakini ukiyategemea kuandika mfumo wa pesa za watu, utawaumiza.

Hilo la vipande tumelitoa Form Three. Kila aliyefanya Kompyuta kwa KCSE alilikariri: vunja programu kubwa iwe moduli ndogo ndogo. Sawa, lakini hata nyama yakatwa vipande. Swali ni ukiingia kwa kipande kimoja, watokea wapi?

Mwaka 1966 Böhm na Jacopini walithibitisha kwamba programu yoyote yaweza kuandikwa kwa mambo matatu: mfuatano, uchaguzi na marudio. Machi 1968 Mholanzi Edsger Dijkstra akaandika barua yake dhidi ya goto. Kile kichwa kikali kinachonukuliwa kila siku hakukiweka yeye, alikiweka mhariri, Niklaus Wirth, na tangu hapo watu wasoma kichwa tu wakaenda zao. Hoja yenyewe ilikuwa hivi: binadamu si hodari wa kufuatilia kitu kinachobadilika kadiri muda unavyokwenda, kwa hivyo maandishi ya programu yafanane na mwendo wake. Weka kidole kwa mstari wowote. Waweza kusema umefikaje hapo na utatokea wapi, bila kusoma faili zima? Kama huwezi, basi haina muundo, hata kama mistari imepangwa kama safu ya swala.

Sasa tuje kwa USSD, ambayo ndiyo shule ya wengi wetu. Ukitumia Africa's Talking, kampuni ya Nairobi, mteja akibonyeza 1 halafu 2, seva yako yaletewa "1*2". Kila kitufe ni ombi jipya, na yale maandishi yazidi kurefuka. Wewe wajibu kwa CON kama mazungumzo yaendelea, END kama yamekwisha. Mwanafunzi huandika hivi: ikiwa ni "1", onyesha hiki, ikiwa ni "1*1", onyesha kile. Kwa menyu ya chaguo tano, raha mstarehe, sina neno.

Shida yaanza ukiipeleka kazini. Kuna kikundi kimoja cha akiba hapa mjini waliniita nitazame mfumo wao. Kina mama wakibonyeza 0 kurudi nyuma, mara yafanya kazi, mara yakatika. Nikafungua kodi (si ile ya KRA). Kumbe ukirudi nyuma yale maandishi hayapungui, yaongezeka: "1*0", kisha "1*0*2". Aliyeandika alikuwa ameweka ikiwa ya "1*0*2", na ikiwa ya "1*0*1*0*2", akaendelea hivyo mpaka akachoka. Alipochoka yeye, ndipo menyu ilipokufa. Mama amekatiwa kabla ya kuona ujumbe wa mwisho, hajui mchango umeingia au la, apiga tena, aandikiwa mara mbili. Mweka hazina alikuwa amerudi kwa daftari na kalamu, na wallahi daftari lake lilikuwa na muundo kuliko ule mfumo.

Kodi ile haikuwa na goto hata moja. Ilikuwa na moduli. Kwa majibu yenu yote mawili, imepita. Lakini kila ombi linaruka moja kwa moja hadi katikati ya programu, na lebo ya kurukia ni yale maandishi ya "1*0*2". Hiyo ni goto iliyovaa kanzu. Isitoshe, kurudi nyuma ni marudio, na jamaa alikuwa ayaandika kwa uchaguzi, moja baada ya moja, kama mtu anayehesabu mawimbi ya Forodhani.

Dawa yake haikuhitaji teknolojia mpya. Kata maandishi kwenye nyota, pitia vitufe kimoja kimoja kwa lupu, shika hatua aliyopo mteja. Kila hatua ni fanksheni yake: yapokea kitufe, yarudisha hatua inayofuata. Sifuri yarudisha hatua ya nyuma. Pesa zaandikwa pahali pamoja tu, lupu ikishamaliza, na kikao kimoja hakiandiki mara mbili. Kuna mjuaji atasema hiyo "hatua" nayo ni goto. Swali zuri, lakini hapa mlango wa kuamua ni mmoja, naujua ulipo. Kule ilikuwa milango kila ukuta.

Na nyinyi wa upande wa pili, wahafidhina, msicheke. Chuo nilichokiacha kulikuwa na mhadhiri akikata alama ukiweka return mbili kwa fanksheni moja, ati muundo wataka mlango mmoja wa kutokea. Hebu fikirieni nyumba za huku kwetu. Mgeni akikataliwa pale dakani, hajaingia ndani, hajavuruga kitu. Kukagua namba ya simu juu kabisa na kurudisha "si sahihi" hapo hapo ni vivyo hivyo. Hata Donald Knuth mwaka 1974 aliandika makala nzima kuonyesha pahali ambapo goto yafaa kwa programu yenye muundo. Knuth, si mimi niliyeacha shule.

Kwa hivyo kabla hujanitumia ujumbe wa matusi, piga menyu yako mwenyewe. Bonyeza 1, kisha 0, rudia mara tano, halafu jaribu kuchangia shilingi kumi. Ikikatika, usinijie na hadithi kwamba umeandika kwa Python na Python haina goto.