Kobe Bapa Naye Hajui Mpaka

Ndugu mkulima na mfanyabiashara wa kijijini, leo naweka pembeni mbolea na viuatilifu. Tuzungumze kuhusu kobe bapa, yule mwenye gamba lililolala kama chapati.

Kauli ninayoikataa ni hii: "Ni kobe tu, porini wamejaa." Hawajajaa. Duniani kote yupo Tanzania, Kenya na Zambia pekee. Kwetu anapatikana hapa na pale, kuanzia kusini-mashariki mwa Ziwa Victoria hadi nyika ya Wamasai na Ruaha. Anaishi kwenye nyufa za mawe. Kilima cha mawe kilichozungukwa na mashamba kwake ni kisiwa, kama Saanane ilivyozungukwa na maji. Ukiwamaliza waliomo, ni vigumu wengine kuvuka kuja kujaza nafasi. Na jike kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mara moja. Linganisha na kuku wako.

Mwaka 2019 mkataba wa kimataifa wa CITES ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kobe bapa wanaokamatwa porini. Vizuri. Lakini mlanguzi hasomi mikataba, anasoma mipaka. Sisi tukikaza na jirani akalegeza, mzigo unavuka. Jirani akikaza nasi tukalegea, unakuja kwetu. Doria ya nchi moja ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kwa samaki tulishalielewa hili. Tangu 1994 tuna Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria pamoja na Kenya na Uganda, kwa sababu sangara hajui mpaka. Kwa nini kobe asistahili ushirikiano kama huo? Askari wa wanyamapori, forodha na polisi wa nchi zote tatu wapeane taarifa kabla gari halijavuka, si baada.

Na taarifa ya kwanza haitoki Dodoma wala Nairobi. Inatoka kwako, uliyemwona mgeni akipanda kilima na jeki na mtaimbo. Anakulipa hela ya siku moja. Anakuachia nyufa zilizobomolewa, na kesi ya wanyamapori ukikamatwa wewe, yeye ameshaondoka.

Kwa hiyo:

1. Usikamate, usinunue wala usisafirishe kobe huyu.
2. Usivunje kokoto kwenye mawe anamoishi.
3. Ukimwona mnunuzi, mwambie mtendaji wa kijiji au askari wa wanyamapori siku hiyohiyo.

Kilima kikishakuwa kitupu, hakuna pembejeo ya kukirudisha.