Kundi la Darasa si Chama cha Mazishi

Wale waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Serikali ilipokifunga baada ya mgomo wa mwaka 1990, leo wengi wao wanakaribia miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, au wamekwisha kuuvuka. Makundi yao ya WhatsApp yako hai: msiba ukitokea usiku, alfajiri orodha ya michango imeshasambazwa. Silikejeli hilo, mjane aliyesitiriwa anajua thamani yake.

Lakini thubutu kuuliza humo kuhusu kikokotoo cha mafao. Msimamizi atajibu: "Siasa hapana." Siasa! Kizazi kilichotolewa mabwenini kwa kusema, leo kinakatazana kuijadili pensheni yake chenyewe, ilhali humo wamo mawakili, wahasibu na wakurugenzi wanaojua faili limekwama meza ipi. Aliyebakiza miaka miwili anajitenga na malalamiko. Aliyestaafu jana ananung'unika peke yake dirishani. Kanuni ya mwaka 2018, iliyoruhusu asilimia 25 tu kulipwa kwa mkupuo, ilisitishwa mwaka huohuo baada ya wafanyakazi kupaza sauti. Sauti hizo hazikuanzia kwenye orodha za rambirambi.

Wasimamizi na waliondoe katazo hilo kabla nao hawajaandaliwa sherehe za kuagwa kazini.