Miezi Sita Haimtoshi Mpiga Eksirei

Hoja iliyochapishwa kwamba stashahada ya miaka mitatu ya radiografia nchini Tanzania ifupishwe iwe kozi ya miezi sita, eti kwa kuwa mitambo ya kidijitali inafanya kazi yote, imelitazama jambo kichwa chini. Enzi za filamu, mionzi ikizidi picha ilitoka nyeusi na kosa likaonekana. Leo kompyuta huisawazisha, picha ikapendeza, na mgonjwa akaondoka na dozi asiyoihitaji bila mtu kushtuka. Tena mtambo haumnyooshi mgonjwa: ncha za mitulinga zisipolingana umbali na uti wa mgongo, kifua kimepinda, kivuli cha moyo kinapotoka, na daktari anaweza kusoma ugonjwa usiokuwepo. Wala haumuulizi mama kama ana mimba.

Ni kweli wataalamu wilayani ni haba, na wagonjwa hawawezi kusubiri. Lakini picha mbovu hurudiwa, na kila marudio ni mionzi mingine na foleni ndefu zaidi. Uhaba unatibiwa kwa kuongeza nafasi za masomo, wasimamizi wa mafunzo kwa vitendo na ajira za wahitimu waliosajiliwa, si kwa kumkabidhi kitufe asiyejua anachokibonyeza.