Wino wa Birere haujaua printa yako

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja wa hapa Goma alituonya tusiwe Wakristo wa kartushi ya kujazwa: nje sura ya kiwanda, ndani wino wa vijana wa mtaa wa Birere wanaojaza kartushi kwa sindano. Kanisa likacheka na kupiga makofi. Mimi nilikunja mikono. Na neno la Mungu sina ugomvi, ila mfano wa mhubiri ni wa uongo, na uongo huo umenichosha. Nausikia kwenye ofisi za mashirika, kwa makatibu wa shule, kwa wauza printa, na sasa umepanda hadi madhabahuni. Kila mtu anajua kwamba wino wa kujaza unaua mashine. Mwulize unaiua vipi, ataanza kukohoa.

Tena aliyesema hayo alifika kanisani kwa gari lililozeekea Japani kabla ya kuijua barabara ya Sake. Betri haikuzaliwa na gari lile, tairi hazikuzaliwa nalo, na kioo cha pembeni kimeshikwa na waya. Kinanda cha kwaya kimefunguliwa na fundi mara ngapi? Mji huu ulipitiwa na lava Januari 2002, ukakimbiwa tena Mei 2021, na kila mara umesimamishwa na watu wanaojua kufungua kitu kilichokwama, kukichungulia na kukirudisha kazini. Leo eti dhambi ni kujaza kijisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani.

Haya, tuongee mashine. Printa ndogo za mezani za HP Deskjet, zile zilizojaa kwenye ofisi zetu na vibanda vya fotokopi, kichwa chake cha kuchapishia kimo kwenye kartushi yenyewe. Chukua kartushi ya HP 305, igeuze. Utaona ukanda wa shaba na bamba jembamba lenye matundu ambayo jicho haliwezi kuyahesabu. Nyuma ya kila tundu kuna kipasha joto kidogo mno. Umeme ukipita, wino unachemka kufumba na kufumbua, povu linalipuka, tone linarushwa kwenye karatasi. Wino unatoka kwenye sponji, unapita tunduni, unatua kwenye karatasi. Hakuna bomba la kuupitisha ndani ya printa. Kwa hiyo wino ukiwa mbaya kuliko wote duniani, kitakachokufa ni kartushi, ileile uliyokuwa unakwenda kuitupa!

Nasema tena kwa ajili ya waliokaa nyuma: kichwa kimo kwenye kartushi. Ukibadilisha kartushi umebadilisha kichwa. Anayekwambia kwamba wino wa kijana wa Birere uliua Deskjet yako ama hajawahi kuigeuza kartushi hata siku moja, ama ana printa mpya ya kukuuzia.

Mwangalieni kijana huyo anavyofanya kazi. Anabandua karatasi ya juu ya kartushi kwa ukucha, taratibu, maana atairudisha. Chini yake kuna vishimo. Anavuta wino kwa bomba la sindano, anaingiza sindano hadi kwenye sponji, kisha anasukuma polepole. Akiharakisha, wino utafurika na rangi zitachanganyika. Wino ukianza kuchungulia juu, anaacha, anavuta kidogo nyuma. Halafu analaza kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na kukandamiza kichwa juu yake, aone kama rangi zote tatu zinaacha alama. Moja isipotoka, anarudia. Niliwahi kumpelekea kartushi ambayo fundi wa duka kubwa alikuwa ameizika. Aliigeuza mara moja akasema, "Papa, hii haiyakufa, imekauka tu." Ilichapisha siku hiyohiyo. Huyo ndiye mharibifu tunayeonywa juu yake kanisani.

Mwuaji wa printa za Goma namjua. Ni umeme. Ukikatika printa ikiwa katikati ya ukurasa, kartushi zinabaki njiani, hazikurudi mahali pake pa kufunikwa. Matundu yanakaa wazi usiku kucha, wino unakauka ndani yake, na asubuhi lawama ni za Birere. Mwuaji wa pili ni vumbi la lava, jeusi na kali, linaloingia hata kwenye chumvi ya jikoni, sembuse kwenye meno ya plastiki na roli za mpira. Na wa tatu ni bosi anayeendelea kubonyeza "chapisha" karatasi zikitoka nyeupe, mpaka vile vipasha joto visivyo na wino wa kuchemsha vinajiunguza vyenyewe. Mbona hawa hawahubiriwi?

Upande wa pili una hoja zake, nami nimezisikiliza kwa uvumilivu mwingi. Inayonifurahisha kuliko zote ni ya virusi. Januari 2024 mkuu wa kampuni ya HP, Enrique Lores, aliiambia televisheni ya CNBC kwamba kartushi za watu wengine zinaweza kubeba virusi, vikaingia kwenye printa na kutoka humo kwenye mtandao wa ofisi. Virusi! Sisi tuliopitia Ebola kuanzia 2018 hadi 2020, tukinawa mikono kwa klorini kila kizuizi, sasa tuogope sponji. Katika mahojiano hayohayo bwana huyo alieleza kwamba mteja asiyechapisha vya kutosha, au asiyetumia wino wao, ni uwekezaji mbaya kwa kampuni. Hapo ndipo aliponena kweli. Virusi alivitanguliza kama chambo.

Na kumbana mteja kwa wino si jambo jipya. Septemba 2016 printa nyingi za HP zilikataa ghafla kartushi zenye chipu zisizo za HP, na wenye mashine hawakuwa wamegusa kitu. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Mei, Mahakama Kuu ya Marekani iliiambia kampuni ya printa ya Lexmark kwamba ikishauza kartushi, haki yake ya hataza juu ya kartushi hiyo imekwisha. Mnunuzi afanye atakalo. Na mapema 2022, chipu zilipoadimika duniani, Canon ya Ujerumani ilitoa kartushi za tona zisizo na chipu, kisha ikawafundisha wateja namna ya kulipuuza onyo la mashine za Canon yenyewe. Mashine zikachapa kama kawaida. Kumbe mlinzi aliyewekwa mlangoni, yaani chipu, alikuwa wa kutisha wanunuzi tu.

Mtu ataniambia: vipi kuhusu Epson, ambayo kichwa chake hakitoki? Ni kweli, hapo tumia wino unaofaa na usicheze. Lakini hao Epson wenyewe, baada ya kuona Waindonesia wanatoboa printa na kuziunganishia machupa ya wino, mwaka 2010 walianzia hukohuko Indonesia kuuza printa zenye matangi ya kujaza. Leo chupa yao nyeusi ya namba 103 ina mililita 65. Kartushi nyeusi ya kawaida ya HP 305 ina mililita 2 hivi na inatangazwa kutoa takriban kurasa 120. Memuari moja ya mwanafunzi, yaani tasnifu yake, nakala moja tu, inaweza kuimaliza, na chuo kinataka nakala kadhaa.

Kisha kuna masharti ya mashirika. Zabuni inaandikwa "wino asilia pekee", na faktura lazima iseme hivyo. Vita vilipofika mjini, uwanja wa ndege ulifungwa Januari 2025, benki zikafunga milango, watu wakaanza kutafuta pesa taslimu kama dawa. Bado mtu wa ununuzi ameshika kalamu anadai boksi lenye nembo. Basi boksi lenye nembo analetewa. Nani amechunguza kilichomo? Nimeona "asilia" yenye nembo iliyopinda kama imechapwa gizani. Anayelipwa kwa uongo ni mwenye boksi, na kijana anayesema waziwazi kwamba amejaza kwa sindano ndiye anayeitwa mwizi.

Wakuu wa ofisi, wakurugenzi wa shule na nyinyi mnaoandika zabuni: futeni sharti hilo. Andikeni kwamba kartushi ijaribiwe mbele yenu kabla ya kulipwa, iwe imetoka kwenye boksi au kwenye sindano. Printa izimwe kwa kitufe chake, isichomolewe ukutani. Ifunikwe kitambaa jioni. Ichapishe ukurasa mmoja wa rangi kila wiki hata kama hamna barua ya kuandika. Na ikigoma, kabla ya kuagiza nyingine, mpelekeeni kijana wa Birere aiangalie.